Shemeji Lyle, Mkuu wa Msafara

Shemeji yangu Lyle Brandvold alizaliwa na hamu ya kuamuru, ila kwa miaka mingi Mungu hakumpa mtu wa kumtii isipokuwa dada yangu. Hilo ndilo jambo la kwanza la kujua juu yake, na ukiniuliza mimi, ndilo la mwisho pia. Katikati hapo hamna kitu, ni upepo mtupu.

Alikulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa ng'ambo ya barabara yetu, kusini mwa Minnesota, kitinda mimba kwa kaka ambao hawakumruhusu hata kugusa usukani wa trekta. Alipokuwa mkubwa akaajiriwa katika karakana ya mabasi ya shule, msaidizi wa meneja. Mameneja walikuja, wakastaafu, wakafa, wakaletwa wengine ambao angeweza kuwazaa. Yeye akabaki msaidizi. Siku anastaafu walimpa keki, na jina lake kwenye keki walikuwa wamelikosea. Mtu mwingine angecheka akala. Lyle alikataa kula, akaipiga picha ile keki, akaitunza picha kama ushahidi wa kesi.

Dada yangu Arlys alimpata kwenye dansi la kanisa. Nyumbani kwetu, Arlys ndiye aliyekuwa dereva. Baba alimwamini yeye kuliko sisi wavulana. Alikuwa akirudisha tela la nyasi kavu ghalani kwa rivasi, kila upande umebaki upana wa kiganja tu, naye anaimba. Siku alipoolewa Lyle alichukua funguo za gari akazitia mfukoni mwake, na tangu siku hiyo dada yangu akawa abiria. Mama alisema, "Mume wake anapenda kuendesha, si vibaya." Mama alikuwa na kipaji cha kutomsema mtu. Mimi sikukirithi.

Baada ya kustaafu, Lyle akanunua karavani, moja ya yale marefu ambayo shingo yake hulala juu ya mgongo wa pikapu. Ndani mna sebule, meko ya moto wa kujifanya, na viti viwili vya ngozi vinavyolala chali kama vya daktari wa meno. Ndipo wakajiunga na chama chetu, Chama cha Bata Bukini. Tumejiita hivyo kwa sababu baridi ikianza tunakimbilia kusini kama ndege hao, na joto likirudi tunarudi, tukipiga kelele zile zile na kuchafua nyasi zile zile. Ni chama cha wastaafu, watu wenye magoti mabovu na maoni mengi. Kila mwaka, mwezi wa saba, tunapiga kambi wiki nzima kando ya Ziwa Lindgren. Tunakula viazi na nyama ya kusaga vilivyookwa kwenye sahani moja, tunarusha vifuko vya mahindi kwenye tundu la ubao, na jioni tunakaa kuuzunguka moto tukiwasema walioingia kulala mapema.

Chama kinahitaji mkuu wa msafara, yaani mtu wa kupanga nani apaki wapi na nani alete saladi. Ni kazi ambayo mwenye akili haiombi. Mwaka ule tulipouliza nani anaitaka, kila mtu akaanza kutazama viatu vyake. Lyle akasimama. Akasema, "Kama chama kinanihitaji." Chama kilikuwa kinahitaji kwenda kula chakula cha mchana, kwa hiyo kikamchagua.

Maskini akipata, matako hulia mbwata. Ya Lyle yalilia ndani ya kaptula ya kaki. Mkutano uliofuata alikuja na fulana ya rangi ya chungwa kama ya watengeneza barabara, filimbi shingoni, redio ya mkononi kiunoni, kipaza sauti, na kigari cha gofu chenye bendera. Akapiga marufuku kuanika taulo upande wa ziwa. Akapiga marufuku mbwa kubweka. Akatunga sheria kwamba karavani zote zipakiwe zikiwa zimenyooka, na akapita na kipimo cha fundi seremala kuhakikisha kwamba nyumba yako haijainama. Watu wazima, waliolea watoto na kuzika wazazi, wakasimama mlangoni na vikombe vya kahawa wakisubiri Lyle Brandvold awaambie kama wamesimama sawasawa.

Nao wakamtii. Hilo ndilo linalonichefua hadi leo. Merlyn Pruitt, aliyewahi kuwa na duka lake la vipuri na wafanyakazi chini yake, alijipa kazi ya kumbebea Lyle kipaza sauti. Alikuwa akikibeba kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba mtoto wa kubatizwa.

Lakini kituko kikubwa kilikuwa namna Lyle alivyopaki karavani lake mwenyewe. Lyle hajui kurudi nyuma. Nasema hivi kama mtu aliyepaki karibu naye miaka na miaka. Alikuwa akimsimamisha dada yangu nyuma ya karavani ampe ishara kwa mikono, naye anapiga kelele dirishani:

"Mkono, Arlys! Nionyeshe mkono! Huo mkono gani? Sasa huo ni mkono au ni tawi?"

Arlys alikuwa akionyesha kushoto, Lyle anakata kulia, karavani linaelekea kwenye mti, halafu kosa la nani? La Arlys. Lyle alikuwa akijaribu mara nyingi hadi injini inanuka, na mwisho anashuka, anajipangusa mikono, anawaambia watazamaji, "Ningemaliza zamani kama ningekuwa na mtu nyuma." Dada yangu anatabasamu, anaenda kushusha miguu ya karavani, kuunganisha bomba la maji na waya wa umeme. Kazi hiyo aliifanya yeye siku zote. Lyle alimsimamia.

Basi, wiki ninayotaka kuisimulia ilianza Jumatatu yenye mbu wengi. Lyle alikuwa getini na fulana yake. Magari yanaingia, anapuliza filimbi, anaelekeza. Ndipo akaja Bev Kuchera.

Bev ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Yeye na mumewe Stan walikuwa wanachama kabla Lyle hajajua hata karavani inavutwaje. Stan alikufa wakati wa barafu. Bev akauza basi lao kubwa, akanunua karavani dogo la manjano, la mviringo, linalovutwa na gari la kawaida, akaja peke yake.

Lyle akalizunguka. "Hii ni nini?"

"Ni karavani, Lyle. Hujawahi kuiona?"

"Mimi naona yai."

"Basi angalia usilikanyage."

Watu tukacheka. Hapo ndipo Bev alipokosea, kama ni kosa. Lyle anasamehe wizi, anasamehe ulevi, kuchekwa hasamehe. Akafunua karatasi yake ya ramani, akaweka kidole.

"Utakaa kule mwisho."

"Kule si kwenye shimo la kumwagia maji machafu?"

"Nafasi za ziwani ni za wanachama kamili."

"Mimi na Stan tulikuwa kwenye chama hiki kabla yako, bwana."

"Wewe na Stan, ndiyo," alisema Lyle, bila hata kuinua macho. "Kamili ni wawili."

Kila mtu ghafla akawa na kamba ya kufunga au tairi la kupiga teke. Dada yangu, aliyekuwa ameshika trei ya biskuti za kuwakaribisha wageni, akaiweka juu ya kigari cha gofu.

"Lyle. Bev amefiwa."

"Najua amefiwa. Kadi si tulituma?"

"Kulikuwa na nafasi karibu na sisi."

"Mama, wewe gawa biskuti. Mpango niachie mimi."

Bev akawasha gari akaenda kwenye shimo. Arlys hakugawa biskuti. Alizibeba zote, trei nzima, akamfuata.

Kukaa kando ya shimo si jambo dogo. Kila mwenye karavani lazima afike hapo kumwaga tangi lake, na siku za joto hata nzi hupumzika mbali. Lakini Bev ni wa aina yake. Aliweka kiti mbele ya yai lake, akavaa miwani ya jua, na kila mwanamume aliyefika na bomba lake alimsalimia kwa adabu zote.

"Karibu, mheshimiwa! Leo umetuletea nini?"

"Aa, Bev, acha basi."

"Hapana, sema. Naona jana mlikula maharage."

Kufika Jumanne mchana watu walikuwa wanabeba viti kwenda shimoni. Walienda kumwaga wakakaa kucheka. Mke wangu Doreen alipeleka sufuria ya kahawa. Wimbo ukasikika huko. Upande wa ziwa, kwenye nafasi za wanachama kamili, Lyle alikuwa amebaki na Merlyn na kipaza sauti, wanatazama maji.

Jumatano akaja kwenye kigari chake na amri mpya: yai linazuia njia, lihamishwe hadi nyuma ya banda la kuni. Hapo ni mahali pembamba kati ya misonobari miwili, na gari kubwa lingeshindwa. Bev alikuwa hodari kwa kila kitu ila kurudisha tela. Kazi hiyo ilikuwa ya Stan. Akajaribu, tela likapinda. Akajaribu tena, likapinda upande wa pili. Lyle akakaa kwenye kigari chake amekunja mikono, ana uso wa mtu anayetazama mpira timu yake ikiongoza.

"Mpeni nafasi," alisema. "Mwacheni ajifunze."

Arlys akafungua mlango wa gari la Bev. "Shoga, sogea."

"Unajua hii kazi?"

"Nilikuwa najua."

Akakaa. Akarekebisha kioo. Akatazama nyuma kidogo tu, akaweka mkono mmoja chini ya usukani, na lile yai likaingia katikati ya misonobari kama droo inavyoingia kabatini. Mara moja. Hakukuwa na mtu wa kumwonyesha mkono. Akazima gari, akashuka, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Watu walipiga makofi hadi bata halisi wakaruka ziwani.

Nilimtazama Lyle. Mume mwenye moyo angejisifu: huyo ni mke wangu. Lyle alisema, "Tela dogo hilo. Hata mtoto." Akageuza kigari chake akaondoka, na bendera yake ikimfuata.

Sasa, kila Alhamisi ya wiki ya kambi kuna mashindano ya rivasi. Mapipa yanapangwa uwanjani, karibu na meza za chakula, unarudisha karavani lako katikati bila kuyagusa. Lyle alikuwa akishinda kila mwaka, kwa sababu Lyle ndiye aliyekuwa akipanga mapipa. Akifika zamu yake, mapipa yalikuwa yakitanuka kimiujiza, kama bahari mbele ya Musa. Kila mtu aliona. Kila mtu alimpa kombe.

Mwaka ule alitaka onyesho kubwa zaidi. Alimwagiza Merlyn aunganishe redio yake na kipaza sauti, ili watazamaji wote wasikie jinsi dereva bingwa anavyowasiliana na msaidizi wake. "Wapate kujifunza," alisema. Meza zilikuwa zimeshaandaliwa: saladi za viazi, kuku baridi, pai za mabua machachu ya rubarbu, na ile jeli ya kijani yenye karoti ndani ambayo hakuna anayeipenda na hakuna anayethubutu kukosa kuileta.

Lyle akapanda pikapu. Arlys akaenda nyuma, redio mkononi. Mwanzoni ilikuwa heshima tupu.

"Msaidizi, uko tayari?" kipaza sauti kikasema.

"Tayari."

"Tunaanza."

Karavani likaanza kurudi. Likapinda. Arlys akaonyesha kushoto. Lyle akakata kulia. Pipa la kwanza likayumba. Nafikiri hapo alisahau kabisa kwamba redio ile haizungumzi na mkewe peke yake, kwa maana sauti ikatoka ile ya siku zote, ile ya ndani ya gari, ambayo sisi tulikuwa tunasikia vipande tu:

"Arlys! Kushoto kwangu au kushoto kwako? We mwanamke una akili kweli? Inua mkono! Si hivyo! Hata ng'ombe wa baba yako angeelewa!"

Ilisikika ziwa zima. Mtu mmoja alicheka kwa woga.

"Jana si ulijiona dereva? Eti umekuwa mtu! Mkono, nimesema! Usiniaibishe mbele ya watu, Arlys, mkono!"

Dada yangu alikuwa amesimama pale nyuma, mikono yote miwili juu. Nikaona anaishusha. Taratibu kabisa akaitia kwenye mifuko ya sweta lake, akasogea kando, akasimama kama mtu anayesubiri basi.

"Arlys? Siioni mikono. Arlys!"

Karavani likaendelea kurudi. Mtu mwenye akili, asipoona kitu, husimama. Lyle, asipoona kitu, huongeza mafuta. Likapita pipa la pili. Likapita pipa la tatu, likalilaza. Wanawake wakanyakua sahani, wakakimbia. Likaingia kwenye meza ya vitu vitamu, ikavunjika kama mkate mkavu, kisha pembe ya nyuma ikapiga nguzo ya bomba la maji, nguzo ikakatika, na maji yakaruka juu kuliko misonobari na kutunyeshea sote, na saladi, na kuku, na kombe. Jeli ya kijani ndiyo pekee iliyonusurika.

Lyle akaruka kutoka kwenye pikapu, injini ikinguruma, fulana imelowa.

"Umefanya nini?" akamfokea Arlys. "Umefanya nini wewe?"

"Sijafanya kitu," alisema dada yangu. "Ndiyo mara yangu ya kwanza."

"Hebu tazama! Tazama hii aibu!"

"Naiona."

"Sasa unasimama tu hapo?"

"Hapana. Naondoka."

Lyle akatugeukia sisi, akajaribu kucheka. "Mnamsikia? Anaondoka. Kwa miguu, mama?"

Arlys akampita. Akashusha miguu ya karavani, ya mbele tu, maana nyuma ilikuwa imekaa juu ya kisiki cha nguzo. Akachomoa waya wa kati ya karavani na pikapu. Akavuta wenzo wa kuachanisha, akafungua mlango wa nyuma wa pikapu, akakagua kila kitu kama alivyokagua miaka yote. Hakuwa na haraka. Lyle alimfuata hatua kwa hatua akisema, "Acha. Acha hiyo. Arlys, acha, hujui unachofanya," naye kila alichokigusa kilifunguka. Akapanda pikapu, akasogeza kiti mbele kwa sababu miguu yake ni mifupi, na akaondoka mle uwanjani kati ya mapipa yaliyobaki bila kugusa hata moja. Bev alikuwa tayari amewasha gari. Yai la manjano likamfuata dada yangu hadi barabarani.

Ungetegemea watu wafanye nini? Walifanya nililotegemea. Walipata ujasiri kwa jumla, kama bidhaa iliyoshushwa bei. Watu waliosimama milangoni wakikaguliwa na kipimo cha seremala sasa kila mmoja alikuwa na hadithi ya jinsi ambavyo hakumkubali Lyle tangu mwanzo. Merlyn Pruitt alikishika kipaza sauti, kile kile, akamwiga: "Mkono, Arlys! Huo mkono au tawi?" Watu wakaanguka kwa kicheko. Simba akiwa mzima fisi hana sauti. Ila Lyle hakuwa hata simba, kwa hiyo sijui fisi wale tuwaiteje.

Asubuhi ya Ijumaa, Lyle alitoka kwa wakati wake, fulana ya chungwa imekauka ikakunjamana, akapandisha bendera, akapuliza filimbi ya kuwaita watu kwenye mazoezi ya viungo. Hakuja mtu. Akapuliza tena. Mbwa wa Doreen akabweka, na hakuna aliyemkataza. Halafu nikamwona anakuja kwangu, na kikombe kitupu.

"Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Umemwona dada yako?"

"Sijamwona."

"Akirudi mwambie sina kinyongo." Akatazama ndani ya kikombe. "Hivi ile mashine ya kahawa inawashwa wapi?"

"Mashine yenu?"

"Ndiyo, yetu. Nimebonyeza kila kitu. Imewaka taa nyekundu, kisha ikazima."

"Umetia maji?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtego. Doreen akamjazia kikombe. Karavani lake lilikuwa bado juu ya kisiki, limeinama kiasi kwamba usiku alilala na kichwa chini, na mlango wa friji haukufungika. Mzee wa vipimo. Mama Sather, mwenye uwanja, alikuwa amemwambia mbele yetu, "Jumapili nataka hicho kitu chako kisiwepo juu ya bomba langu."

Jumamosi nikaenda kumtafuta dada yangu. Hakuwa mbali. Alikuwa na Bev kwenye ziwa la pili, kambi ndogo ya wavuvi. Nilimkuta peku, miguu ndani ya maji, anakula samaki wa moshi kwa vidole.

"Kaka," akasema. "Umetumwa?"

"Nimejituma. Anasema hana kinyongo."

Alicheka hadi akapaliwa, Bev akampiga mgongoni. Alipopata pumzi akasema, "Unajua nimeendesha hadi wapi jana? Hadi mpakani. Nikageuza, nikarudi. Sikuwa na shughuli huko. Nilitaka kuendesha tu."

"Utarudi kwake?"

"Hapana."

"Hata kuzungumza?"

"Nimezungumza na nani miaka yote, kaka? Nilikuwa nainua mikono." Akanipa kipande cha samaki. "Ila Mama Sather hana kosa. Kalivute lile karavani, umpeleke nyumbani. Pikapu yako ina nguvu. Nifanyie mimi, si yeye."

Basi nikafanya. Jumapili wenzangu wakapunga mikono wakaondoka mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja aliyeshusha kioo kumuaga mkuu wa msafara. Nikamwacha Doreen na karavani letu hadi nitakaporudi, nikaunga la Lyle kwenye pikapu yangu, nikalishusha kwenye kisiki, nikamweka Lyle kando yangu. Hatujafika barabara kuu akaanza.

"Kata kona kwa upana, shemeji. Kwa upana! Tazama kioo cha kulia. Unakwenda kasi. Sasa mbona unakwenda polepole?"

Nikasimama kando ya shamba la mahindi. "Lyle. Ukisema neno jingine, unashuka hapa."

"Mimi nasaidia."

"Mahindi haya yanahitaji msaidizi. Shuka uyaamuru."

Akanyamaza. Ila kila penye kona mguu wake ulikuwa ukikanyaga breki isiyokuwepo. Karibu na mji wetu nikamwona anafuta macho kwa pindo la ile fulana. Nilijaribu kumhurumia. Nilijaribu kwa dhati, kama mtu anayepuliza kuni mbichi. Moshi kidogo ulianza kutoka. Kisha akasema:

"Ameniaibisha, shemeji. Mbele ya chama kizima."

Basi zile kuni zikazimika.

Hayo yamepita. Arlys aliuza pikapu ile, akanunua ndogo na karavani la saizi yake, na baridi inapoingia yeye na Bev hushuka hadi Arizona, wanapokezana usukani, wanagombana juu ya redio ipigwe muziki gani. Amenenepa. Ameanza tena kuimba akiendesha. Bev anasema sauti ni mbaya sana.

Lyle hakufukuzwa kwenye Bata Bukini. Alitoka mwenyewe, akatutumia ujumbe kwamba chama kimekosa nidhamu. Amenunua pikapu nyingine, amejiunga na chama cha kaunti ya pili. Nasikia huko walipouliza nani anataka kuwa mkuu wa msafara, kila mtu alitazama viatu vyake. Sihitaji kueleza nani alisimama. Walimtafutia mjane mmoja wa kumpa ishara kwa mikono, akakimbia, na sasa anabadilisha wasaidizi. Hakuna anayedumu naye zaidi ya kambi moja.

Masika haya alinipigia simu. Baridi yote karavani lilikuwa limesimama uani kwake, na panya wameingia, wamekula viti vya ngozi.

"Shemeji, dada yako alikuwa anaweka nini humo ndani panya wasiingie? Alikuwa anaweka kitu. Nakumbuka harufu."

"Sijui," nikasema. "Mpigie umuulize."

"Wewe huwezi kuniulizia?"

"Namba yake unayo, Lyle."

Akasema kwamba panya si wengi kiasi hicho, akakata simu.